Maneno Niliyoandika Chini ya Picha

Ninyi mlioisambaza ile picha, mkaandika "pole mama" chini yake, kisha mkaona imefutwa na mimi nimekaa kimya, mmekuwa mkiniuliza kulikoni. Wengine mmedhani nimetishwa. Hakuna aliyenitisha. Nimerudi nyumbani Tanga, nimetulia kidogo, na sasa nawasimulia safari yote kama ilivyokwenda, maana nimeshindwa kumweleza kila mmoja kwa simu. Nikifika katikati sauti inakauka. Majina ya watu nimeyabadili.

Shinyanga mjini

Tulishuka Shinyanga asubuhi, mimi na Gidi. Gidi ni mpiga picha, mtu wa Iringa, asiyesema sana mpaka aulizwe. Tulikuwa na mpango wa kitabu: picha zake na maneno yangu, juu ya wanawake wanaoishi kwa dhahabu. Niwaambie ukweli ambao hata Gidi sikumwambia. Sura ya kwanza nilikuwa nimeshaiandika hapa Tanga, kabla sijaiona hata barabara ya kwendea huko. Ndani yake mlikuwa na mjane, vumbi na mikono iliyopasuka. Kilichobaki ilikuwa kumpata mwenyewe.

Sokoni tulimkuta bibi mmoja anauza karanga. Gidi akavutiwa na uso wake. Mimi nikamnong'oneza, "Umeyaona hayo macho yalivyo mekundu? Si ndio wale wachawi wanaosemwa?" Nilidhani nimenong'ona. Mwanamke wa meza ya pili, muuza nyanya, akainua uso.

"Anapikia kinyesi cha ng'ombe, dada," akasema. "Kuni hakuna kwao. Moshi ule hata wewe ungekuharibu macho."

Nikacheka, nikasema nilikuwa natania. Hakucheka. Tulinunua karanga nyingi kuliko tulizohitaji, tukaondoka bila picha.

Kahama, na basi lililogoma

Mpaka Kahama tulikwenda vizuri. Karibu na mji abiria walinyoosha vidole kuonyesha vilima vya udongo vya mgodi wa Buzwagi, na kila mmoja alikuwa na habari ya ndugu aliyewahi kufanya kazi pale. Tulibadilisha gari kwenda Geita. Hatujafika mbali, mkanda wa injini ukakatika katikati ya mashamba ya mpunga. Utingo akaondoka na bodaboda kutafuta mwingine, sisi tukashuka tukakaa kivulini mwa basi, tukawa tunahama kila kivuli kilipohama.

Kutoka nyumba ya karibu walikuja wanawake na sufuria ya matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, pamoja na kibuyu cha mtindi. Ni vitamu kuliko vinavyoonekana. Mmoja wao, mcheshi, akaniuliza natokea wapi. Nikasema Tanga.

"Tanga!" akashika kidevu. "Eti dada, ni kweli kwenu mnafuga majini? Na mwanamume akifika harudi kwao?"

Abiria wote wakaangua kicheko. Gidi naye akacheka. Mimi nilinuna. Nilimjibu kwa Kiswahili kirefu cha kwetu kwamba Tanga ni mji wa elimu na dini, na kwamba si vizuri kumhukumu mtu kwa hadithi za vijiweni. Yule mama akasema, "Basi nisamehe, dada yangu, nilikuwa nauliza tu," akaniongezea mtindi. Mpaka tunafika Geita, jioni, nilikuwa bado nimenuna.

Machimboni

Machimbo yenyewe sitayataja jina. Yako ndani kutoka barabara ya Katoro. Kuna vibanda vya maturubai, mashine za kusagia mawe ambazo huziita karasha, na vumbi jeupe lililokaa juu ya kila kitu kama unga. Wanaume wengi huwaoni. Unaona mashimo yao tu, maduara, yamezungushiwa magogo, kamba zikiingia gizani. Juu wamekaa wanawake, miguu wameinyoosha, kila mmoja na nyundo na rundo la mawe.

Aliyetukaribisha wa kwanza ndiye mliyemwona kwenye picha, Mama Kulwa. Gidi alipoomba kumpiga picha, akasema, "Pigeni. Ila nyundo siiachi, mawe haya yanasubiriwa." Gidi akawa anamzunguka na kamera. Mimi nikakaa kando yake juu ya jiwe, nikamuuliza habari za watoto. Akaniambia ana pacha, Kulwa na Doto, wako shuleni kijiji cha jirani.

"Na baba yao?" nikauliza.

Aligonga jiwe moja, akainamisha uso, akaionyesha ardhi kwa nyundo. "Yuko chini."

"Pole sana, dada."

"Ah, tumeshazoea."

"Mnaishije?"

"Tunamwombea tu. Siku ikifika atapanda, tutaonana."

Nilidhani anasema habari ya kiyama. Nilimwangalia yule mwanamke mwenye vumbi mpaka kwenye kope. Mtu anayeandika hulijua neno zuri likimpitia. Sikuuliza tangu lini. Sikuuliza alipatwa na nini, wala kaburi liko wapi. Mjane wangu nilikuwa nimeshampata, na niliogopa swali moja zaidi lingeniharibia.

Alitukaribisha ugali na dagaa. Tukamwambia tumeshiba. Hatukuwa tumeshiba. Mimi niliogopa vumbi la chakula chake na zebaki wanayooshea dhahabu. Akasema haya, akatufungia karanga kwenye kipande cha gazeti, tukaondoka.

Buseresere

Tulifikia nyumba ya wageni Buseresere, na hapo Gidi akaanguka na malaria. Ikabidi tukae. Jioni ya kwanza, akiwa amelala na shuka mpaka shingoni, nikaichagua ile picha, nikaandika chini yake yale mliyoyasoma: kwamba mume wake yuko chini ya ardhi hiyohiyo anayoiponda, kwamba alikuwa mtu mpole, kwamba dhahabu ilimchukua ikamwachia pacha wawili na nyundo. Jina lake niliweka, na machimbo niliyataja. Maneno yake niliyapinda pia. Mama Kulwa alikuwa amesema Kiswahili safi tu, lakini mimi nikakiandika kibovu, chenye "l" pasipo na "l", ili kisikike cha huko.

Gidi akaomba nimsomee. Nilipomaliza akauliza, "Alikwambia amekufaje?"

"Wewe piga picha," nikamjibu. "Kiswahili niachie mimi, nimezaliwa nacho."

Akageukia ukutani.

Siku zilizofuata nilikuwa na furaha, hilo nalo niliseme. Nilikaa kwenye mgahawa karibu na stendi, nakula sato wa kukaanga kwa ugali wa muhogo, nasoma maneno yenu. Mlilia, mkasema nina kipaji. Mmoja wenu aliandika kwamba nimempa sauti asiye na sauti, na hilo nililisoma mara nyingi.

Gidi alipopata nafuu, tulikwenda stendi kutafuta gari la kwenda Mwanza. Pale tukamwona mama mtu mzima, kichwa kimenyolewa upara mpya kabisa, amekaa juu ya kiroba cha unga. Kando yake alisimama mwanamume ameshika jogoo aliyefungwa miguu, anauliza gari la kwenda machimbo yaleyale. Nikaona ni bahati njema kuwasaidia wageni. Nikamwamkia bibi shikamoo, nikawaagizia chai, nikawaambia njia tunaijua.

"Mnakwenda kusalimia ndugu?" nikauliza.

"Msibani," akajibu yule mwanamume. Jina lake Luhende, ni dereva wa bajaji Shinyanga. "Kaka yangu Masanja amefukiwa na duara. Huyu ndiye mama yetu."

"Poleni sana. Mlipigiwa simu?"

"Simu yao haipatikani. Tuliona kwenye simu ya jirani. Mama akanyoa siku ileile. Kwetu mtu hungoja azike kwanza, lakini yeye hakungoja." Akatoa simu mfukoni. "Shemeji mwenyewe huyu hapa."

Alikuwa Mama Kulwa, vumbi mpaka kwenye kope, na maneno yangu chini yake.

Bibi akasema kitu kwa Kisukuma, taratibu, akiangalia kikombe. Luhende akanitafsiria: "Anasema wiki hiyohiyo tuliyoiona picha, Masanja alikuwa amempigia. Alimuuliza kama mpunga umeshika."

Hapo nikaelewa, rafiki zangu. Lile neno "chini" lilinirudia kwa sauti yake, pamoja na nyundo ikionyesha ardhi. Nilipaswa kusema palepale. Nilikunywa chai, nikasema tena, "Poleni sana." Gidi aliniangalia usoni mpaka nikatazama pembeni. Kisha akasema, "Tunakwenda nao."

Kurudi machimboni

Tulipanda gari dogo, yale wanayoyaita mchomoko, tumebanana. Bibi alikuwa kati yangu na dirisha, mkono wake juu ya goti langu kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuuweka. Sitaki kuwaficha nilichokiomba njiani. Niliomba Masanja awe amekufa kweli. Niliomba iwe duara lilibomoka zamani na bibi amechanganya siku, au limebomoka baada yetu. Mkono wa mama yake uko juu ya goti langu, nami namwombea mwanawe kifo ili maneno yangu yasimame.

Mama Kulwa alikuwa palepale na nyundo yake. Alimwona mkwewe anashuka na upara. Nyundo ikaanguka. "Baba amekufa!" alipiga kelele, akidhani ni mkwewe mwanamume aliyebaki kijijini kwao. Bibi naye, kumwona analia, akapata uhakika alioufuata. Wakakumbatiana, wakaanguka wote chini. Wanawake wa mawe wakaacha nyundo wakaanza kulia nao. Vilio vikavuka karasha, wanaume wakatoka vibandani, na kila mmoja alikuwa anamlilia mtu wake.

Msimamizi wa duara, mtu mzima mwenye kofia ya plastiki, ndiye aliyeuliza, "Jamani, nani amekufa?"

"Masanja," Luhende akasema.

"Masanja gani?"

"Masanja huyu wa kwenu. Baba Kulwa."

"Masanja yuko chini," msimamizi akasema. "Ameshuka tena juzi na wenzake. Mbona mnamlilia?"

Wakatikisa kamba. Tulingoja. Alitoka mwanamume mfupi, kifua wazi, mweupe kwa vumbi kutoka nywele hadi vidole vya miguu, akifinya macho kwa sababu ya jua. Bibi alimwendea, akamshika masikio yote mawili, akamgeuza kichwa huku na huku kama anayechagua mbuzi mnadani. Kisha akampiga kofi, akakaa chini.

Simu ya Luhende ikapita mkono kwa mkono. Ilipofika kwa Mama Kulwa, alisoma polepole, midomo ikitembea. Akaniangalia.

"Dada, mimi nilikwambia mume wangu amekufa?"

"Hapana," nikasema. "Ulisema yuko chini."

"Sasa akiwa chini, niseme yuko wapi?"

Kuna waliocheka. Nilidhani kicheko kile kingeniokoa, nikatabasamu, na tabasamu lile ndilo ninalolijutia kuliko yote. Mama Kulwa hakuwa amecheka. Nilimwomba radhi yeye, nikamwomba Masanja na bibi. Nikaifuta picha mbele yao. Masanja alisema basi, yameisha, akachukua kamba arudi kazini.

Msimamizi akamzuia. "Ngoja kwanza, Masanja."

"Nini tena?"

"Watu hawatashuka na wewe."

"Mimi si mzima? Mnaniona."

"Tunakuona. Lakini umeliliwa. Mama yako amekunyolea. Mtu aliyeliliwa akishuka, duara limeshasikia jina lake. Uliza yeyote hapa."

Masanja akawaangalia wenzake mmoja mmoja. Waliinamisha vichwa. Hawakuwa wabaya. Mmoja alimletea shati lake, akamsaidia kulivaa kama anayemvika mtoto. Nilisimama mbele yao nikasema kosa ni langu, kwamba karatasi na simu haziui mtu. Msimamizi akanijibu kwa adabu, "Dada, wewe hushuki."

Bibi ndiye aliyekata shauri. Luhende alinitafsiria maneno yake: amefuata maiti, amepata mtu, hawezi kumwacha tena kwenye shimo. Watarudi wote nyumbani. Mama Kulwa akasema pacha wana mitihani, hawezi kuwatoa shuleni, na mawe yale ameshayaahidi kwa watu. Wakabishana kwa Kisukuma mpaka jua likalala. Jogoo wa msiba alichinjwa, unga ukasongwa, tukala. Safari hii nilikula kila kilichowekwa mbele yangu.

Ndani ya basi la Kahama

Kesho yake Gidi aliendelea Mwanza peke yake. Tuliagana bila maneno mengi. Mimi niliomba kwenda na Masanja, mama yake na Luhende mpaka kijijini, kwa sababu huko watu walikuwa wamekaa matanga na mtu wa kuyavunja alikuwa mimi. Mama Kulwa alitusindikiza mpaka barabarani. Alimpa mumewe mkono, kama watu wanavyoagana mbele za wakwe, akageuka akaenda zake.

Ndani ya basi Masanja alikaa kando yangu. Baada ya muda mrefu akasema, "Nisomee. Wenzangu wote wamesoma, mimi sijasoma."

Picha nilikuwa nimeifuta, lakini maneno niliyajua kwa moyo. Nikamwambia yote kwa sauti ndogo. Alisikiliza ameegemeza kichwa kwenye kioo.

"Ni maneno mazuri," akasema. "Yanaingia. Lakini hapo kwamba nilikuwa mtu mpole, nani alikwambia?"

"Hakuna."

"Mimi si mpole. Muulize mama." Akanigeukia. "Na yule anayesema 'siku likifika atapanda, tutaonana' ni nani?"

"Mkeo."

"Mke wangu hasemi hivyo. Mke wangu anasoma masomo kanisani."

Bibi, kiti cha mbele, alifungua kifurushi, akapitisha matobolwa nyuma. Alinipa fungu langu sawa na la wanawe. Nilitamani aninyime.

Kijijini

Tulikuta maturubai, moto wa msiba na wanaume wamekaa upande mmoja, wanawake upande mwingine. Sitaeleza kelele zilizotokea Masanja alipoingia uani kwa miguu yake. Kuna waliokimbia. Baba yake, mzee asiyeona vizuri, alimpapasa uso muda mrefu, halafu akaomba maji ya kunywa.

Nikasimama. Nikasema mimi ni nani, natokea wapi, nilisikia nini na niliandika nini. Luhende akatafsiri sentensi moja baada ya nyingine, na kila sentensi ilikaa hewani mara mbili. Nilipomaliza, dada yake Masanja, aliyekuwa anapika na mwiko bado uko mkononi, aliuliza swali. Luhende akasita.

"Tafsiri," nikamwambia.

"Anauliza hivi: kama ni ndugu yako wa kwenu ndiye aliyekwambia mumewe yuko chini, usingeuliza tangu lini?"

"Ningeuliza," nikasema.

Luhende akatafsiri. Wakaitikia wote kwa pamoja, "Ee," bila hasira, kama watu waliosikia jibu walilolitarajia. Wakanionyesha mahali pa kukaa, nikaletewa sahani. Watu wakapanga mstari kumshika Masanja mkono mmoja mmoja.

Nyumbani

Ndivyo ilivyokuwa. Kufuta hakukusaidia sana. Juzi mtu asiyenijua amenitumia ileile picha, na chini yake kuna maombi ya marehemu Baba Kulwa. Kitabu tumekiacha. Gidi amenipigia mara moja, tukaongea habari za mvua.

Masanja yuko kwao, analima mpunga wa baba yake. Alijaribu machimbo mengine upande wa Kahama, lakini habari ilimtangulia, hawakumpokea. Mama Kulwa yuko kulekule. Asubuhi anawaamsha pacha, anakwenda kwenye mawe, jioni anarudi, anapika, analala peke yake. Nilimwandika mjane akiwa na mume hatua chache chini ya miguu yake. Sasa mume yuko mbali, na maisha anayoishi ni yale niliyoyaandika.

Nilimpigia kabla ya kukaa kuandika haya. Nilimwambia ninyi mnaniuliza, na kwamba sitawajibu mpaka aniruhusu. Nyuma yake nilisikia nyundo za wenzake.

"Hao rafiki zako ndio walioniandikia pole?"

"Ndio hao."

"Wengi?"

"Wengi, dada."

"Waambie wote," akasema. "Waambie nina mume."